Sikio la Attracta Varley

Nianze na saa, maana bila saa ile leo ningekuwa Coventry kwa binti yangu, nimekaa kwenye kochi nikilalamikia chai ya Waingereza.

Ilikuwa saa ya ukutani, ya mbao nyeusi, yenye kibati cha shaba kinachoyumba kushoto na kulia. Ilitundikwa jikoni kwa Attracta Varley, juu ya jiko la chuma, na mlio wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Ukinywa chai pale ulijikuta unameza kwa kuufuata. Kila mwaka, Jumapili ya tatu baada ya Pasaka, misa ikiisha, sisi wenye mashua wa Cloonbarra tulijazana jikoni mle na pakiti zetu za ndoana. Kabla ya lolote Attracta alipanda kigoda akaisimamisha saa kwa kidole. Mbwa alitolewa nje. Mwenye kikohozi alitolewa nje pamoja na mbwa. Wanaume tisa wenye mabuti ya matope tulikaa kimya kuliko tulivyokaa kanisani, na padri alijua hivyo na ilimuuma.

Sisi ni watu wa ziwa. Mwezi wa Mei, nzi wa Mei wakianza kutoka majini, samaki wetu, trauti, hupanda juu kula, na wageni wa Dublin na wa Uingereza huja kutulipa tuwapeleke kuvua. Kila mwenye mashua hufunga nzi wake wa bandia kwa mkono wake, yaani unyoya na uzi wa hariri juu ya ndoana. Unyoya utauokota kwenye banda la kuku. Uzi utamwomba mkeo. Ndoana lazima ununue, na ndoana ndiyo inayokutia aibu mbele ya mgeni.

Basi zilikuwepo ndoana nzuri za bei, mia moja kwenye kiboksi, kila moja sawa na mwenzake. Na zilikuwepo za rahisi, ambazo kwa pesa hiyo hiyo ulipata mia tatu. Ubaya wa za rahisi si kwamba zote ni mbovu. Nyingi ni nzuri kabisa. Lakini hazikupikwa sawa kiwandani, kwa hiyo katika mia tatu zimo hamsini zisizofaa, na kwa macho zote ni pacha. Iliyopikwa kidogo mno hunyooka samaki akivuta. Iliyozidi kupikwa hukatika kama kijiti cha kiberiti. Ungeweza kuijaribu kwa kuikunja, ndiyo, lakini ukishaikunja umeshaiharibu.

Hapo ndipo sikio la Attracta lilipoingia. Baba yake, mzee Varley, alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha ndoana Uingereza, kwenye meza ya kuchambua. Alirudi na saa, jiliwa dogo la mezani na ujuzi mmoja, akamwachia binti yake vyote vitatu. Attracta aliibana ndoana kwenye jiliwa, kwanza akaitazama. Tundu la kufungia uzi limezibika vizuri au limeacha upenyo utakaokata uzi? Kijino cha kumzuia samaki asichomoke kimekatwa kwa kiasi, au wamekata mpaka kwenye mfupa? Aliiburuta ncha juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, haina makali. Hayo hata mimi naweza. Kisha aliipiga pindo lake kwa ukucha, mara moja, na akainamisha kichwa. Ndoana iliyopikwa vizuri hulia mlio mwembamba unaodumu kidogo. Iliyo laini hugonga tu, mithili ya kijiko kwenye mbao. Iliyozidi hulia juu mno na kukoma ghafla. Nzuri aliitia kwenye sahani nyeupe, mbovu kwenye sahani ya buluu, na hakukosea. Kwa miaka karibu thelathini hakuna trauti aliyeponyoka Cloonbarra kwa kosa la Attracta Varley.

Nyinyi mtasema ni kipaji. Mimi nasema ilikuwa kamba ya mguuni. Akiwa na miaka ishirini na mbili alikata shauri kwenda Birmingham na wasichana wenzake wawili, kazi ilishapatikana, koti lilishanunuliwa. Wenye mashua wakaenda kwa mzee Varley, na baba yangu alikuwa miongoni mwao, wakamwomba binti asubiri tu nzi wa Mei wapite. Akasubiri. Mwaka uliofuata wakaomba tena. Wazazi wakaugua mmoja baada ya mwingine, wakafa, na yeye bado alikuwa jikoni anasubiri nzi wapite. Lile koti alikuja kulivaa kulishia kuku.

Ndugu yake Festus alikuwa na shamba upande wa pili wa ziwa, na mke anayeitwa Philomena, na mama mkwe asiyeinuka kitandani. Nyumba yenye jiko lile, kwa karatasi, ilikuwa ya Festus. Hakumfukuza dada yake, siwezi kumsingizia. Alisema tu, na alilisema sokoni mbele ya watu, kwamba madhali wenye mashua wanamhitaji Attracta atabaki pale, na siku wakiacha kuja atahamia kwao. Chumba kilikuwa tayari, nyuma ya jiko, kilichopakana na cha mama mkwe. Nilikiona mara moja nilipopeleka mwanakondoo. Kilikuwa na kitanda, msalaba na kengele. Kengele ilikuwa ya yule mama mkwe, ya kumwita mtu wa kumgeuza.

Sasa nakuja kwenye mwaka wa sabini na saba. Jumapili ile tulikaa kama kawaida, Attracta akabana ndoana ya kwanza akaipiga, na mimi nikahisi kitu hakiko sawa lakini sikujua ni nini. Nilikaa hapo nikimeza mate kwa kufuata mlio. Ndipo nikainua macho. Saa ilikuwa inatembea.

Nikatazama wenzangu. Hakuna aliyegundua, walikuwa wamebana pumzi na macho yako kwenye sahani. Nikajiambia, mwanamke huyu sasa amekuwa bingwa kiasi kwamba hahitaji hata kimya. Hebu fikiria upumbavu huo. Nilirudi nyumbani nikimsifu.

Mwezi wa Mei nilimpeleka jaji mmoja mstaafu wa Dublin, mtu mpole, aliyekuja Cloonbarra miaka kumi na nne akimtafuta samaki mmoja mkubwa. Siku hiyo akampata. Tulimwona mgongo tu, ukipita kando ya mashua, na jaji akaanza kumwomba Mungu kwa Kilatini. Halafu uzi ukalegea. Nilipovuta nzi yule kilirudi kipande cha ndoana, kimekatika kwenye pindo, na pale kilipokatika palikuwa na punje punje za kung'aa kama sukari. Ilikuwa imezidi kupikwa. Mtoto wa shule angeisikia. Jaji alikaa akitazama maji, kisha akasema hakuna neno, na mwaka uliofuata hakuja.

Nilipiga makasia kurudi bila kuwasha injini, na njiani ile saa ikanirudia kichwani. Nikakumbuka kwamba tangu majira ya baridi Attracta alikuwa ananitazama mdomoni ninapoongea. Mimi mjane nilidhani ni kwa sababu nyingine, na nilinunua shati.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nikisema, watu wataacha kuja, na wakiacha kuja kuna kengele inamngoja. Nisiposema, ndoana mbovu zitaendelea kuingia kwenye mashua zetu. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima nikishindwa kula.

Haikuwa siri yangu peke yangu kwa muda mrefu. Ultan Ruane alipoteza samaki wawili siku moja, na Ruane ni mtu ambaye akipoteza kifungo cha shati parokia nzima hujua. Yeye hakumlaumu Attracta, alilaumu duka. Lakini alisema ndoana zote zilizobaki zirudishwe zichambuliwe upya mbele ya macho yetu, na jinsi alivyolisema "mbele ya macho yetu" sikupenda. Jumapili iliyofuata tukajaa jikoni, tisa.

Attracta alikuwa amekaa mbele ya jiliwa. Alikuwa amevaa vizuri, amechana nywele, na mikono ameikunja mapajani mahali tusipoiona. Nilijua kwa nini ameikunja. Pakiti zilimwagwa kwenye sinia. Ruane akasimama palepale kwenye bega lake. Na saa inatembea.

Sikupanga nilichofanya. Nilisimama, nikapita kati ya magoti ya watu, nikapanda kigoda nikaisimamisha saa. Nilipogeuka, Attracta alikuwa ananitazama. Alitazama mkono wangu, akatazama kile kibati kilichosimama, na uso wake ukabadilika rangi, kwanza mweupe na kisha mwekundu mpaka shingoni. Alijua kwamba najua. Nimeoa, nimezika mke, nimemsindikiza binti yangu melini, na sijawahi kutazamwa vile na mtu.

Sikurudi kwenye benchi langu. Nilimwambia kijana wa Gibbons asogee, nikakaa kando ya Attracta, karibu, goti langu likakutana na lake chini ya meza.

Alibana ndoana ya kwanza akaipiga. Iligonga tu, laini. Mkono wake ukabaki hewani kati ya sahani mbili, nami kabla sijafikiri nikamsukuma kwa goti. Alishtuka kidogo. Akaitia kwenye buluu. Ya pili ililia vizuri, nikatulia. Alingoja, alingoja zaidi, akaitia kwenye nyeupe. Kufika ya kumi alikuwa ameshaelewa: goti likisukuma ni mbovu, goti likitulia ni nzuri. Kufika ya hamsini alikuwa anakwenda mwendo wake wa zamani, na anainamisha kichwa vilevile kana kwamba anasikia.

Ndipo ikaja moja iliyogonga kama mbao kabisa. Nikasukuma. Attracta aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akainua macho.

"Ruane," akasema, "hii umeichoma kwenye jiko la mama yako."

Rangi ya ndoana ilimsaliti. Chuma kilichochomwa upya hugeuka samawati, na macho ya Attracta hayakuwa na kasoro. Ruane alikuwa ameichomeka makusudi kumpima. Watu walicheka mpaka mbwa akabweka huko nje, Ruane akavua kofia na kusema basi, yeye ni punda, na kuanzia leo atakayelitilia shaka sikio la Attracta Varley atamjibu yeye. Kila mtu alifurahi. Mimi chini ya meza goti langu lilikuwa bado kwenye la Attracta, na nikatambua kuwa mlango umefungwa na sote wawili tuko ndani.

Ndiyo, miaka kumi na miwili. Kuchambua hakukuwa kwa Jumapili moja tu. Jumapili ile ya watu ilikuwa ya kupima pakiti chache na kuamua aina ya kununua, halafu maboksi yaliyonunuliwa yalimngoja wiki nne, tano, maelfu ya ndoana. Kwa hiyo nilikwenda kila siku alasiri. Nilisema namtengenezea viti. Hakuna nyumba katika kaunti nzima ya Mayo iliyotengenezewa viti kama ile. Watu wakaanza kunyanyua nyusi, padri akaniuliza kiupole kama nina tangazo lolote la ndoa la kumpa alisome kanisani, nami nikajibu sina, na kweli sikuwa nalo.

Na hivi ndivyo tulivyokuwa wajinga. Tukiwa wawili tu, mlango umefungwa, hakuna wa kutuona, bado tulitumia goti. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kuchambua mwenyewe na yeye akaoka mkate. Lakini kufanya hivyo kungekuwa kulisema lile jambo, na hatukulisema. Nilifika, nikapanda kigoda nikasimamisha saa, nikakaa. Yeye alipiga, mimi nilisukuma au nilitulia. Saa moja, mbili. Kisha chai na mkate wa soda na nyama ya nguruwe iliyobaki, kisha nikaianzisha saa nikaenda zangu. Maongezi yetu yalikuwa ya mvua na ya Ruane.

Mara moja tu alikaribia. Binti yangu alikuwa ameandika kutoka Coventry, kwa mara ya tatu, kwamba chumba kipo na wajukuu wananiuliza. Nilikuwa nimeiacha barua mfukoni mwa koti, ikachungulia, naye akaiona stempu.

"Nenda, Feerick," akasema. Aliniita kwa jina la ukoo kila alipotaka kunikaripia. "Wewe nani amekufunga?"

Nikamwambia nitakwenda nzi wa Mei wakipita. Aliyasoma maneno hayo kwenye midomo yangu, na akageukia jiko. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa baba yake. Nilikasirika siku nzima, kwanza kwa nafsi yangu, halafu kwake, halafu kwa trauti wote wa ziwa. Nilikuwa na haki ya kwenda kuwaona wajukuu wangu. Sikwenda.

Kisha masikio yangu. Miaka thelathini na mitano nilikaa na injini ya mashua nyuma ya kisogo, sijui nilitarajia nini. Kwanza ndege walipungua kwenye ua, nikadhani ni paka. Halafu milio myembamba ya ndoana ikaanza kuwa mifupi, na ile iliyozidi kupikwa na ile nzuri zikawa zinafanana. Majira matatu ya mwisho nilikuwa napeleka goti kwa kubahatisha. Nilijipa kanuni: katika kila sita, moja mbovu. Nilihesabu, nikasukuma. Nilimdanganya mwanamke ambaye uongo wote tulikuwa tumeujenga pamoja, na kila nilipomsukuma niliona haya, naye aliiweka kwenye buluu kwa imani yote.

Mwaka wa themanini na tisa, Jumapili ya tatu baada ya Pasaka, tulijaa tena. Sasa tulikuwa saba, wawili wamezikwa. Mbwa nje. Pakiti mezani. Nilikaa kwenye nafasi yangu, goti mahali pake, na nikatulia nikimngoja aanze. Hakuanza. Alikuwa ananitazama, kisha akatazama juu ya jiko, kisha mimi tena.

Nikafuata macho yake. Kibati kilikuwa kinayumba, kushoto, kulia.

Sikuwa nimeisimamisha. Mlio ule mkubwa wa kukumezesha mate ulikuwa unapiga juu ya kichwa changu na mimi nilikuwa nimekaa nikidhani ni kimya. Attracta alikuwa na miaka sitini na mitatu na viungo vibovu. Alisimama, akavuta kigoda, akapanda akiwa ameshika ukuta, akaisimamisha kwa kidole. Aliposhuka aliniwekea mkono begani, mara moja, akaketi.

Alibana ndoana. Aliipiga. Aliinamisha kichwa na goti lake likangoja. Langu sikujua nilipeleke wapi. Nilikuwa na uwezo wa kuhesabu hadi sita kama kawaida, lakini mbele yake, wakati anajua, nilishindwa. Akaipiga tena. Kisha alifunika jiliwa kwa kiganja.

"Mimi sisikii," akasema. "Nina miaka kumi na miwili sisikii kitu. Msinunue hizi kwa neno langu."

Juu yangu hakusema neno. Alilibeba lote. Aliwatazama mmoja mmoja, mikono safari hii juu ya meza.

Ruane, aliyekuwa kwenye dirisha nyuma yangu, aliuliza kitu. Najua aliuliza kwa sababu wote walinigeukia. Sikukisikia. Nilibaki nimekaa natabasamu kama mtu anayepigwa picha, na hapo wakajua kilichobaki. Kijana wa Gibbons, ambaye sasa ana mvi, ndiye aliyenirudia kwa sauti kubwa.

"Anauliza, basi nani alikuwa anasikia?"

"Mimi," nikajibu. "Zamani."

Hakuna aliyecheka. Ruane alikuja akachuchumaa mbele ya Attracta ili amwone mdomo, akaongea polepole, na kwa kuwa aliongea polepole na mimi nilimfuata. Alimwambia asijali. Alisema siku hizi duka linauza ndoana mpya zilizonolewa kwa dawa, zote sawa, na bei imeshuka, huu mwaka wa tatu. Kila mtu anazo nyumbani. Hizi za rahisi wamekuwa wakinunua ili waje nazo tu.

"Tulikuwa tunakuja kwa ajili yako," alisema. "Tungekuacha vipi?"

Alisema kwa upendo, na najua ni upendo, na nilitaka kumpiga na kigoda. Miaka mitatu. Miaka mitatu nilihesabu hadi sita nikiona haya kwa ndoana ambazo watu walizitupa wakifika kwao. Attracta alikaa jikoni ili sisi tusikose ndoana, sisi tukaja ili yeye asikose kazi, mimi nikakosa wajukuu ili asikose sikio. Sote saba na yeye tulikuwa tumeshikana mikia, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuachia ila yeye.

Festus alisikia kabla ya Jumatano. Alikuja na trela la ng'ombe, amelisafisha vizuri, akapakia kitanda, viti vyangu vyote na kuku. Attracta alivaa koti lile la Birmingham. Saa alinipa mimi. Alinipakatisha tu kama mtoto, akapanda mbele kando ya ndugu yake.

Nimeitundika jikoni kwangu. Naitia ufunguo kila Jumamosi na kutazama kibati kikiyumba. Binti yangu haniandikii tena kuhusu chumba, ana mpangaji.

Jumapili baada ya misa nazunguka ziwa kwa baiskeli kwenda kwa Festus. Mama mkwe yule bado yuko hai, ana miaka tisini na minne, na kengele yake haijapata kutu. Attracta haisikii, kwa hiyo wamefunga kamba kutoka kitandani kwa mama mkwe hadi kwenye kifundo cha mkono wa Attracta, na inavutwa. Nimeiona. Niliuliza kama haiwezekani kupata njia nyingine, na Philomena alinijibu kirefu, akitabasamu, nisisikie neno hata moja.

Tunakula mezani, wanne. Kabichi na viazi. Philomena anapakua na kuongea, anaongea bila kupumua, midomo yake inakwenda, na kwa tunavyomtazama mtu angedhani tunamsikiliza. Anatuambia, nadhani, jinsi Attracta alivyopata raha hapa, jinsi kila mtu anavyohitaji kuwa na watu wake. Festus anakata nyama na haangalii mtu. Attracta amekaa kando yangu, kamba imezungushwa mkononi juu ya mkono wa sweta, na macho yake yako kwenye midomo ya wifi yake, makini, kichwa kimeinama kidogo upande kama zamani akipima ndoana.

Kisha chini ya meza goti lake linanisukuma.